MTOTO YUKO TAYARI KULA LINI?

Somo letu la leo limetokana na swali la nyanya mmoja katika mkutano wetu wa akina mama.

Mke wa mwanawe alikuwa na mtoto wa miezi mitatu na nusu. Mtoto alilia sana usiku, na nyanya akaona hiyo ni njaa. Akapika uji mwepesi wa mahindi, akampa. Baada ya siku chache mtoto alianza kuhara, hata mama akalazimika kulazwa naye hospitalini. Tulipofundisha kwamba mtoto asipewe kitu kabla ya miezi sita, nyanya alisimama akasema: "Lakini ni ninyi watu wa kliniki mlitufundisha miezi minne! Sasa mbona mnanilaumu?"

Tulinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Miaka ya 1990 mafundisho yalisema kati ya miezi minne na sita, na wengi wetu tulishika ile minne. Mwaka 2001, baada ya utafiti mwingi kuchunguzwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mpya: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita kamili, ndipo chakula kianze. Kwa hivyo kosa si la nyanya. Ni sisi tuliochelewa kurudi kumwambia.

KWA NINI MIEZI SITA?

Maziwa ya mama yana chakula na maji yote ambayo mtoto anahitaji kwa miezi hiyo, hata wakati wa jua kali. Ukimpa uji mapema, uji huo hujaza tumbo lake dogo. Atanyonya kidogo, na maziwa ya mama yatapungua. Pia maji, kikombe na kijiko vinaweza kuleta viini vya kuhara.

Lakini tusichelewe pia. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, ambayo hutengeneza damu. Akifika miezi sita akiba hiyo inakwisha, na maziwa peke yake hayatoshi tena. Mtoto anayekaa bila chakula mpaka miezi minane au tisa anaweza kupungukiwa na damu na kuacha kukua vizuri.

DALILI ZA KWELI

Mtoto akikaribia miezi sita, mwangalie:

1. Je, anaweza kukaa akishikiliwa kidogo, na shingo yake imesimama imara?
2. Je, anaona kitu, anakishika na kukipeleka mdomoni mwenyewe?
3. Ukimwekea chakula kidogo mdomoni, anakimeza? Kama ulimi unakisukuma chote nje, ngoja siku chache ujaribu tena.

Kwa kawaida dalili hizi tatu huonekana pamoja karibu na miezi sita. Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, uliza kliniki kwanza.

DALILI ZINAZODANGANYA

Kulia usiku, kutafuna vidole na kutaka kunyonya kila mara si alama kwamba anataka uji. Watoto wote hufanya hivyo. Akitaka kunyonya zaidi, mnyonyeshe zaidi, na maziwa yataongezeka. Wala usingoje meno, kwa maana ufizi wake unaweza kuponda chakula laini.

TUANZE NA NINI?

Hatuhitaji chakula cha dukani. Ponda kiazi kitamu, ndizi, malenge au avokado. Uji wa wimbi ni mzuri, lakini uwe mzito. Ukiinamisha kijiko, uji usimwagike kama maji. Uji mwepesi ni maji tu yenye rangi.

Anza na vijiko viwili au vitatu vya mezani, mara mbili kwa siku. Ongeza polepole mpaka afikie nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Usikae sana na uji peke yake. Mpe pia maharagwe yaliyopondwa, yai lililoiva vizuri, ini, mboga za kijani, au omena waliosagwa. Vyakula hivyo ndivyo vitamjengea damu na mwili. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi.

Osha mikono yako na yake kwa sabuni. Tumia kikombe na kijiko, si chupa. Usimpe chai, maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kuwa na viini vya sumu. Na usimlazimishe kula. Akikataa leo, mjaribu tena kesho.

Yule mtoto alipona. Wiki aliyotimiza miezi sita, nyanya mwenyewe alimleta kliniki apimwe uzito na apewe vitamini A. Alikuwa amebeba kiazi kitamu kwenye mfuko. Alikiponda mbele ya akina mama wote, akachanganya na maziwa kidogo yaliyokamuliwa na mama wa mtoto. Halafu akawaambia: "Mimi nilifundishwa ya zamani, na sasa nimefundishwa ya leo. Nendeni mwaambie na nyanya wenzangu." Nasi tunawaomba ninyi wasomaji mfanye vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Hapa kwetu, ni nani huamua mtoto aanze kula? Tutamfikiaje mtu huyo kwa heshima?
2. Mtoto wa miezi minne analia usiku. Tutamshauri mama yake nini?
3. Ni vyakula gani vya shambani mwetu mwezi huu tunaweza kumpondea mtoto wa miezi sita?