SOMO: MFEREJI USIOFUNGWA

Bahari ya Aral, iliyo baina ya Kazakhstan na Uzbekistan, haina njia ya kutokea. Iliishi kwa maji ya mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, hata Wasovieti walipoanza, katika miaka ya 1960, kuyaelekeza maji hayo kwenye mashamba makubwa ya pamba. Mwaka 1987 bahari ilikwisha gawanyika mapande mawili. Chumvi ilizidi, samaki wakafa, na bandari ya Moynaq ikabaki jangwani.

Mwanachama atasema kuwa huko ni mbali. Usangu, mkoani Mbeya, si mbali. Mto Ruaha Mkuu hupita katika kinamasi cha Ihefu, ukaingia Hifadhi ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera. Maji hayo huendesha mitambo ya umeme, na umeme wa bara umekuwa ukifika Unguja kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Basi taa ya Ng'ambo nayo imo katika habari hii. Mwaka 1993 mto huo ulikatika wakati wa kiangazi, ukaendelea kukatika katika miaka iliyofuata. Lawama nyingi ziliwaangukia wafugaji, na mwaka 2006 wakaanza kuhamishwa. Waliopima maji yenyewe waliona jambo jingine: mabanio ya mashamba ya mpunga yaliachwa wazi hata baada ya mavuno. Sehemu ya maji ilitumika majumbani, lakini mengi yalitapakaa katika mashamba matupu yakakaushwa na jua, wala hayakuongeza hata pishi moja ya mpunga.

Unguja haina mto mkubwa. Maji ya Mjini na Ng'ambo hutoka chini ya ardhi, na baadhi ya mabonde ya mpunga, kama Cheju, hunyweshwa kwa maji hayohayo ya visima. Karibu na pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichoingia chumvi huchukua miaka kupona.

Makatibu huandika magunia na madeni kwa uangalifu. Saa za pampu haziandikwi, ingawa daftari la shilingi chache lingetosha.

Swali la kujadiliwa mkutanoni: katika bonde lenu, ni nani hufunga mfereji baada ya mavuno, na asipoufunga, huulizwa na nani?