Vipandikizi vya Matiti na Ujauzito: Maswali na Majibu

Kipandikizi cha titi ni kitu gani, na hukaa wapi kifuani?

Ni mfuko wa silikoni uliojazwa ama jeli ya silikoni ama maji ya chumvi, ambao daktari wa upasuaji huuingiza kifuani ili kulikuza titi au kulijenga upya baada ya kuondolewa kwa sababu ya saratani. Usichanganywe na vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mifuko ya jeli ilianza kutumika mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, mikononi mwa madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Huwekwa nyuma ya tezi za maziwa, au nyuma zaidi, chini ya msuli mkubwa wa kifua, kwa hiyo haikai ndani ya tezi zenyewe, na jambo hilo ndilo linalowawezesha wanawake wengi wenye mifuko hiyo kunyonyesha.

Je, kipandikizi huzuia mimba au humdhuru mtoto aliye tumboni?

La. Mfuko hautoi homoni yoyote, wala haufikii mayai ya uzazi au mji wa mimba, na tafiti hazijaonyesha kwamba watoto wa mama wenye vipandikizi huzaliwa na kasoro zaidi kuliko wengine. Kisichofaa ni kufanya upasuaji huo mwanamke akiwa mjamzito, kwa kuwa dawa za usingizi na hatari ya maambukizi hazina sababu ya kukaribishwa kwa jambo linaloweza kusubiri, na vipimo vinavyochukuliwa titi likiwa limejaa havitakuwa vya kweli baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kubadilisha mifuko hushauriwa angoje miezi kadhaa baada ya mtoto kuachishwa ziwa.

Ujauzito hulibadilishaje titi lenye kipandikizi?

Tangu wiki za mwanzo homoni za ujauzito huzikuza tezi na vijifereji vya maziwa, ngozi ikatanuka, ilhali mfuko hubaki na ukubwa wake ule ule, ndiyo maana baadhi ya wanawake huhisi kifua kimekaza na kuuma kuliko walivyotarajia. Mtoto akishaachishwa, tezi hunywea na ngozi huenda isirudi yote, hata ikatokea nyama ya titi imeshuka huku mfuko ukiwa umebaki juu. Lawama za mabadiliko hayo hutupiwa unyonyeshaji, na hapo mama wengi hupotoshwa: utafiti wa Kentucky, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wanawake waliotafuta upasuaji wa matiti, ulihusisha kulegea kwa matiti na umri, uzito, idadi ya mimba na uvutaji wa sigara, bali kunyonyesha hakukuonekana kuwa chanzo. Anayemnyima mtoto ziwa ili kulinda umbo, basi, anapoteza kikubwa bila kulinda chochote.

Je, mama mwenye kipandikizi ataweza kunyonyesha?

Wengi huweza, ingawa si wote hupata maziwa ya kutosha, na tofauti hutokana zaidi na mahali kisu kilipopita kuliko na mfuko wenyewe. Mtoto anapovuta chuchu, neva zinazopita kati ya mbavu, hasa ya nne, hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao hutoa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Mkato uliopita kwenye ukingo wa duara jeusi linalozunguka chuchu unaweza kukata vijifereji au kudhoofisha neva hizo, ilhali ule wa kwenye mkunjo wa chini ya titi au wa kwapani kwa kawaida huviepuka. Tena yako matiti yaliyokuwa na tezi chache tangu ujanani, na pengine uchache huo ndio uliompeleka mwanamke kwa daktari, hivyo upungufu wa maziwa usihesabiwe mara moja kuwa kosa la upasuaji.

Kipimo cha kuaminika ni mtoto mwenyewe: kuanzia siku ya tano hivi alowanishe nepi sita au zaidi kwa siku, na uzito aliozaliwa nao urudi kufikia wiki ya pili. Ikiwa haupandi, huongezewa maziwa mengine huku akiendelea kuwekwa kifuani mara kwa mara, kwa kuwa titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza, na hata maziwa machache ya mama, hasa dang'a ya siku za kwanza, yana kinga ambayo kopo haliwezi kuitoa.

Je, silikoni huingia katika maziwa?

Watafiti wa Toronto, Kanada, walipima mwaka 1998 kiasi cha silikon, elementi iliyomo katika jeli hiyo, katika maziwa ya mama wenye vipandikizi na wasio navyo, wakakuta viwango vinavyokaribiana. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa nayo zaidi ya mara kumi, na ya kopo zaidi ya hapo.

Kwa nini mkunga aelezwe, na dalili zipi zisipuuzwe?

Wapo wanaoficha kwa haya, na haya hiyo ina gharama. Titi la mzazi likipata jipu, usaha huvutwa kwa sindano, na mhudumu asiyejua kwamba kuna mfuko nyuma ya tezi anaweza kuutoboa. Maambukizi ya kawaida hutibiwa kwa dawa zinazofaa kwa anayenyonyesha, na kunyonya huendelea. Lakini titi moja likivimba ghafla bila homa, likawa gumu au likageuka umbo, ultrasaundi ifanyike bila kusubiri mtoto akue, kwani huenda mfuko umepasuka au majimaji yamejikusanya kuuzunguka. Majimaji yanayotokea miaka mingi baada ya upasuaji hupimwa pia kutafuta aina adimu ya saratani ya limfu inayohusishwa na mifuko yenye uso wa kukwaruza, ambayo ilisababisha kampuni ya Allergan kuondoa bidhaa zake za namna hiyo sokoni mwaka 2019.