Unaishi Bagamoyo, kazi iko Dar: je, ununue pikipiki?

Stendi ya Bagamoyo alfajiri imejaa bodaboda, lakini angalia wanachofanya: wanashusha watu, na watu hao wanakimbilia daladala za Makumbusho, Dar. Wachache sana huendelea na pikipiki hadi mjini. Kama umepata kazi Dar na unataka kununua pikipiki ya kwendea, kaa kwanza tupige hesabu.

Kutoka Bagamoyo hadi Mwenge, Dar, ni takriban kilomita 60, yaani 120 kwenda na kurudi. Pikipiki ya kawaida ikienda kilomita 40 kwa lita, utahitaji lita 3 kila siku. Petroli ikiwa Sh2,800 kwa lita, hiyo ni Sh8,400, kabla hujagusa oili, mnyororo na matairi. Bei hubadilika, kwani EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Sasa uliza nauli ya daladala, ile iliyopangwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Ukiwa peke yako kwenye pikipiki, mara nyingi petroli tu inaipita nauli ya kwenda na kurudi.

Pesa si tatizo kubwa kuliko yote. Kerege, Mapinga, Bunju, Boko, Tegeta: kote huko ni makazi ya watu, na kwenye makazi sheria inataka usizidi kilomita 50 kwa saa. Utakuwa juu ya kiti zaidi ya saa nzima, malori yakikupita ubavuni. Masika, Machi hadi Mei, unafika kazini umelowa. Jioni ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana unarudi umechoka, giza limeingia, na mbele yako kuna wavuka barabara usiowaona.

Basi bodaboda itumie kwa kipande kifupi, mathalani kutoka Kaole au Sanzale hadi stendi. Patana bei kabla ya kupanda. Dai kofia ngumu, kwa sababu sheria inamtaka hata abiria aivae. Soma namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC, umtumie mtu wa nyumbani. Dereva akitaka kukupakia mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi, shuka.

Bado unataka yako? Utahitaji leseni ya daraja A, ambayo ni ya pikipiki, pamoja na bima. Bima ndogo hulipa madhara uliyomsababishia mwenzako. Mguu wako ukivunjika, haikutibu. Kwa hiyo uliza bei ya bima kubwa, na kama inalipia matibabu yako, kabla hujalipia chombo. Ajali ikitokea, piga 112, na mtu aende polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kisha uitunze nakala yake, kwani utaihitaji ukidai fidia.