Maswali na Majibu: Kutatua Milinganyo kwa Kupaka Rangi Bendera
Marudio ya mwaka wa 7 na wa 8, Masisi na Walikale

1. Nini maana ya mlinganyo wa daraja la kwanza? (alama 2)
Ni usawa wenye kisichojulikana ambacho kipeo chake kikubwa ni 1. Alama moja ni ya "usawa", moja ni ya "kipeo 1".

2. Tofautisha usemi na mlinganyo. (alama 2)
3x + 5 ni usemi: hauna ishara ya usawa, hurahisishwa tu. 3x + 5 = 17 ni mlinganyo: una pande mbili, hutatuliwa. Kuandika "tatua usemi" ni kosa.

3. Eleza zoezi la kupaka rangi kwa kikundi. (alama 4)
Wanafunzi watano huchora bendera ya Kongo ya mwaka 2006 na kuigawa sehemu tano. Kila sehemu ina mlinganyo wake, na jibu huamua rangi: 4 ni samawati, 7 ni nyekundu, −2 ni njano. Kila mmoja hutatua mlinganyo mmoja. Jirani yake huhakiki kwa kuweka jibu mahali pa x. Rangi hupakwa baada ya uhakiki. Asiyetaja uhakiki hupoteza alama 2. Pasipo na kalamu za rangi, jina la rangi huandikwa ndani ya sehemu.

4. Tatua, kisha taja rangi. (alama 10)
(a) Uwanja wa juu: 3x + 5 = 17; 3x = 12; x = 4. Samawati.
(b) Nyota: 2x + 9 = 5; 2x = −4; x = −2. Njano.
(c) Ukanda: 5x − 8 = 2x + 13; 3x = 21; x = 7. Nyekundu.
(d) Kingo za ukanda: 4(x + 3) = 4; 4x + 12 = 4; 4x = −8; x = −2. Njano.
(e) Uwanja wa chini: x/2 + 6 = 8; x/2 = 2; x = 4. Samawati.
Rangi za bendera kila mtoto anazijua. Kwa hiyo rangi sahihi bila hatua haipewi alama hata moja.

5. Kikundi kimoja kilipata nyota nyekundu. Onyesha kosa. (alama 3)
Kilihamisha 9 bila kubadili ishara: 2x = 5 + 9; 2x = 14; x = 7. Namba inayojumlishwa au kutolewa ikivuka ishara ya usawa, ishara yake hubadilika. Uhakiki: 2(7) + 9 = 23, si 5. Swali hili lirudieni. Kosa la ishara ndilo linaloangusha wengi.

6. Madumu matatu ya mawese ya Walikale, yaliyojaa sawa, pamoja na lita 5, ni lita 65. Tafuta ujazo wa dumu moja. (alama 3)
3x + 5 = 65; 3x = 60; x = 20. Dumu moja ni lita 20.

7. Mfugaji wa Masisi aliuza jibini 8, akabaki na theluthi ya zote. Alikuwa na ngapi? (alama 4)
x − 8 = x/3. Zidisha kila upande kwa 3: 3x − 24 = x; 2x = 24; x = 12. Uhakiki: 12 − 8 = 4, na theluthi ya 12 ni 4. Alikuwa na jibini 12. Jibu la "x = 12" pekee, bila sentensi, hupata alama 3.