Mikungu Iliyooza

Watoto, mnaujua mngazi, mti ambao wengine huuita mchikichi. Ngazi zake zinatupa mawese ya kutia katika sombe, na kokwa zake zinatoa mafuta mengine ya kufanyia sabuni. Lakini kuna ugonjwa unaoozesha mikungu juu ya mti, mbele ya wakati wa kukatwa. Sikilizeni habari hii.

Baba mmoja wa nchi ya Fizi, karibu na ziwa Tanganyika, alikuwa na shamba dogo la mingazi. Mawese yake ndiyo yaliyolipa fedha za shule za watoto wake watatu. Mwaka mmoja, wakati wa mvua nyingi, alipanda mti kwa kamba yake, na mtoto wake akangoja chini kuokota. Mkungu wa kwanza ukaanguka: pu! Mtoto akainama, kisha akaruka nyuma. Ngazi zilikuwa laini na nyeusi, zimefunikwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, zinanuka. Mkungu wa pili vilevile. Siku ile walikata mikungu minane, na mitano ilikuwa imeoza.

“Baba, nani ametufanyia hivi?”

Baba hakujibu. Lakini tangu siku ile hakumsalimu tena jirani yake, kwa sababu mingazi ya jirani ilikuwa imejaa mikungu mizuri.

Kisha moniteri wa kilimo akapita. Aliuliza neno moja tu: “Baba, ulikata mikungu lini mara ya mwisho?”

“Labda ni miezi miwili sasa, Bwana. Nilikuwa ninavua samaki.”

Moniteri akachukua panga, akaanza kufunua vikonyo vya makuti ya zamani. Ndani yake alikuta mikungu midogo iliyokauka, ngazi zilizoanguka zamani, na uyoga mweupe wenye vichwa vidogo. “Anayekuibia mawese ni huyu,” akasema.

Katika vitabu uyoga huu unaitwa Marasmius palmivorus. Huanza kwa kula vitu vilivyokufa. Mkungu ulioiva ukiachwa juu ya mti, au mdogo ukifa pale, uyoga hula humo na kupata nguvu, kisha hutupa nyuzi zake juu ya mkungu mzima ulio karibu. Unapenda sana maji, ndiyo sababu huzidi wakati wa mvua. Hata ngazi zisipooza zote, mafuta yake huwa makali, huwasha koo, na mnunuzi huyakataa.

Basi kazi ya kwanza ni kukata kila mkungu kwa wakati wake. Ukiona ngazi chache zimeanguka zenyewe chini ya mti, usingoje. Zunguka shamba kila juma moja au mawili, hata kama mikungu ni michache. Mkungu uliooza ukatwe pia, uondolewe chini ya mti, uchomwe au uzikwe. Makuti makavu yakatwe, upepo upite. Lakini angalieni! Watu wengine hukata na makuti mabichi, mpaka mti unabaki kama ufagio. Mti huo utalisha mikungu yake kwa nini? Acheni makuti mawili chini ya kila mkungu.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Mngazi una maua dume na maua jike, mbalimbali, juu ya mti mmoja. Wadudu wadogo wa jamii ya fukusi huchukua ungaunga wa maua dume na kuupeleka kwa maua jike. Ua jike lisilopata ungaunga wa kutosha huzaa mkungu wenye ngazi chache, nao huoza upesi. Huko Malesia wadudu hawa hawakuwako, watu wakatia ungaunga kwa mkono, ua kwa ua, mpaka mwaka 1981 wadudu walipoletwa kutoka Kameruni. Sisi tunao bure! Huzaa watoto wao ndani ya maua dume. Basi usiyakate kwa kutaka tu mti uonekane safi.

Uko uozo mwingine ambao panga haliwezi kuuponya. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi, katika nchi yetu ya Kongo, walieleza kwamba mngazi wenye ganda jembamba, tenera, huzaliwa na dura, wenye ganda nene, pamoja na pisifera, usio na ganda. Mikungu ya pisifera mara nyingi huoza bila kuiva. Na ukiokota mbegu katika shamba la tenera tupu na kuzipanda, karibu mti mmoja katika kila minne utakuwa pisifera. Afadhali kununua miche kwa watu wanaojua kazi ya mbegu.

Baba na mtoto wake walifanya kazi siku tatu. Walichimba shimo refu, wakazika uozo wote. Mwezi ule hawakuwa na mawese ya kuuza, na mtoto mkubwa alikaa nyumbani bila masomo. Jioni ya siku ya tatu baba alikwenda kwa jirani kuazima kamba, kwa maana yake ilikuwa imechakaa. Walizungumza mpaka usiku.

Maswali. Kwa nini mikungu ya jirani haikuoza? Uyoga ulijificha wapi? Tazama mngazi ulio karibu na kwenu: ngazi ngapi zimeanguka chini yake leo?