SOMO LETU: TUPANGE CHUMBA CHA KUSHONEA NYUMBANI

Vikundi vingi vya akina mama huanza na cherehani moja kwenye sebule ya mwanachama. Hilo si vibaya. Shida huja pale ambapo hakuna mpango.

Sisi tulijifunza kwa uchungu. Ilikuwa Januari, wakati wa sare za shule, na mama mmoja akatuletea kitambaa cha mwanawe. Tulikirundika kitini pamoja na vingine. Alipokuja kuchukua, kumbe tulikuwa tumekikata kwa vipimo vya mtoto mwingine! Tulinunua kitambaa kingine kwa pesa za kikundi, lakini mtoto alikuwa amekaa nyumbani juma zima. Faida iliisha na jina letu likaharibika sokoni. Basi tukakaa chini, tukapanga hivi:

1. Mwanga. Cherehani ikae karibu na dirisha, mwanga utoke kushoto kwa fundi. Ukitoka kulia, mwili wa cherehani hutia sindano kivuli.

2. Meza ya kukatia. Ifike kiunoni. Kukata sakafuni huumiza mgongo na kuchafua kitambaa. Ubao mpana juu ya miguu imara unatosha.

3. Kila kitu na mahali pake. Vifungo viwe kwenye chupa za jemu, nyuzi kwenye misumari ukutani. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, utakuwa butu. Pini na sindano zihesabiwe kila jioni, maana watoto hutambaa hapo.

4. Mfuko wa kila mteja. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kitambaa kikifika tu, kitie katika mfuko wake pamoja na karatasi yenye jina, vipimo, siku ya kuchukua na malipo ya kwanza. Andika hayo hayo katika daftari, na aliyepokea atie sahihi. Usikate kabla ya kusoma karatasi.

5. Pasi ya makaa. Iwashwe nje, na madirisha yawe wazi unapopiga pasi. Hewa ya makaa huua bila harufu.

6. Mafuta. Tumia mafuta ya cherehani, si ya kupikia, kwani hayo hugandamana. Ukishatia, shona kwanza kitambaa kikuukuu ili mafuta yasichafue nguo ya mtu.

7. Mabaki. Vipande vikubwa ni mali ya mteja, mrudishie. Akikuachia, shona mito, mifuko au vitambaa vya kushikia sufuria. Pesa zake ziingie daftarini pia.

Tangu tuanze mifuko hiyo, hatujapoteza kitambaa hata kimoja. Jamani, si mashine mpya iliyotuokoa, ni daftari la shilingi chache. Tumkumbuke Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Kazi ya mikono yetu nayo itatushuhudia.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
- Kitambaa cha mteja kikiharibika, nani atalipa?
- Cherehani ya kikundi ikikaa kwa mwanachama, ufunguo uwe kwa nani?
- Ni nani atakayesoma daftari mbele ya wote kila mwezi?