SOMO: DAWA NI YA YULE ALIYEANDIKIWA
Tusome 2 Wafalme 20:1-7

Hezekia alipougua aliomba akilia, na Mungu akamsikia. Hata hivyo Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa havikugombana.

Hapa Gasorwe nyumba zetu zimebanana, nasi tumezoea kugawana chumvi, makaa na unga. Basi tunagawana hata amoksisilini. Mtoto akipata nafuu siku ya 2, vidonge vilivyobaki vinahamia kwa jirani ambaye mtoto wake ana homa. Hapo tunawakosea wote wawili. Wa kwanza, ugonjwa waweza kumrudia. Wa pili huenda ana malaria, na amoksisilini haiponyi malaria, wala mafua. Tukingoja kidonge cha jirani kifanye kazi, mtoto anaweza kufa bila kupimwa damu.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dozi ndogo mno huwafanya bakteria waizoee dawa.

Muuguzi akiandika mara 3 kwa siku, ni kila saa 8 hivi, kwa siku zote alizoandika. Tumwambie mapema kama penisilini iliwahi kututoa vipele. Uso ukivimba au pumzi ikibana, tuache dawa, twende kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Na ile desturi ya kufungua kapsuli na kumwagia unga wake kidondani, tuiache. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha muuguzi akione.